Mshubiri Uliohamishiwa Mlangoni

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za usichana wangu, mwanangu Mwita, ni ile mama aliporudi kutoka hospitali ya Mugumu, akateremka kwenye lori, akauona mshubiri umesimama mlangoni kwake. Ulikuwa umepandwa vizuri. Mawe yamepangwa kuzunguka shina, udongo umelowa maji, majani yamepanguswa vumbi. Mama akauangalia, kisha akakaa chini palepale mavumbini, furushi lake bado liko mkononi. Mimi na kaka yangu Marwa, babu yako, tulidhani ni mguu unamuuma. Tukakimbilia kumshika.

Nitakueleza yote. Wewe kunywa chai, trekta uliloliagiza haliji mpaka Jumamosi, umesema mwenyewe. Habari ya nyumba nimeisikia, na ramani umenionyesha kwenye simu, ingawa macho yangu haya yaliona rangi tu. Nimefurahi. Vijana wa ukoo huu wakishaonja Mwanza huwa tunawaona kwenye misiba tu, na hata huko wanakuja wakiangalia saa. Wewe umekuja kujenga. Lakini umesema pia kwamba utaanza kwa kusafisha kile kichaka cha mishubiri nyuma ya zizi, kwa sababu hakina kazi. Umelisema huku unakoroga sukari, na mimi nikanyamaza. Nimenyamaza siku mbili sasa. Usingizi umekataa kuja, ndiyo maana nimekuita.

Mama yetu alikuwa mke mdogo. Baba alikuwa na mji mkubwa upande wa Tarime kwa mke wa kwanza, na huko ndiko alikozikwa. Hapa Kenyamonta tulikuwa mama, babu yako, mimi, na mama mzaa baba, Bibi Wegesa, ambaye aliletwa kukaa nasi alipochoka kulumbana na mke mkubwa. Marwa alikuwa kijana wa kushika plau, mimi nikiwa msichana ambaye watu walianza kumtazama. Mama aliposhikwa na mguu, ukavimba mpaka hawezi kuukanyagia, alipelekwa Mugumu akakaa huko muda mrefu. Shamba likabaki mikononi mwa Marwa.

Nyuma ya zizi kulikuwa na shamba letu zuri kuliko yote, udongo mweusi, na katikati yake ulisimama mshubiri mmoja mkubwa. Wewe umezoea ile alovera ya kwenye makopo huko mjini, ambayo ukipanda mmoja, baada ya muda vimetokea vichipukizi pembeni mpaka unagawia majirani. Huu wa porini kwetu si wa namna hiyo. Huu unakaa mmoja mmoja. Majani yake ni manene, yamejipanga kwa mduara, yameinamia ndani kidogo, na kingo zake zina meno ya kahawia yanayochana mkono. Ukikata jani linatoa maji ya manjano, ambayo ukiyaacha juani yanakuwa meusi na kuganda. Uchungu wake nadhani unaujua, maana mama yako alikuachisha ziwa nao. Wewe ulilia, yeye akalia, mimi nikacheka. Ukiung'oa huu hauachi mzizi wa kuchipua tena. Hauna njia nyingine ya kuzaa isipokuwa mbegu.

Na maua yake ni ya ajabu kidogo. Katikati ya kiangazi unasimamisha bua refu lenye matawi, na kwenye kila tawi maua yanakaa upande mmoja tu, yote yameangalia juu, mekundu yenye vumbi. Ndege wadogo wale wa mdomo uliopinda, chozi, wanakuja kunyonya kutwa nzima. Baadaye maua yanakauka na kuwa maganda madogo, maganda yanapasuka, mbegu zinatoka. Ni nyembamba, zina kibawa kidogo, upepo unazibeba, ingawa nyingi hazifiki mbali. Zinaanguka karibu na mama yao.

Sisi tulijua kwamba mama anaupenda ule mshubiri. Kwa nini, hatukujua. Tulijua kwamba tukienda kulima alikuwa anautangulia yeye mwenyewe na jembe la mkono, analima kuuzunguka taratibu, halafu anatuambia ng'ombe wasifike hapo. Tulijua kwamba kuku wakishikwa na mdondo alikuwa anakwenda kukata majani ya mishubiri ya kule kwenye mawe mlimani, anatembea kote huko, wakati huu uko nyuma ya zizi. Majirani walimcheka. Siku nyingine jioni tulimwona amesimama pale, mikono nyuma, kama mtu aliyetoka nje kupunga upepo. Marwa alimuuliza mara moja mti ule una nini. Mama akamwambia una uchungu kama mwingine wowote, aende akafunge ndama.

Basi mama yuko hospitali, mvua ya vuli inakaribia, na Marwa anajiandaa kulima. Babu yako, wewe umemjua mzee aliyeinama, lakini ujana wake ulikuwa wa kutafuta namna ya kumfurahisha mama. Alikuwa mtoto wa namna hiyo. Akawaza kwamba mama akirudi atakuwa na mguu mbovu, hataweza kutembea mpaka katikati ya shamba kuangalia mshubiri wake. Akasema, nitamletea mlangoni. Aliuchimbua kwa uangalifu, akazunguka mbali ili asikate mizizi, akaubeba kifuani, miiba ikamchana mikono yote. Chini yake alikuta mawe machache yamepangwa. Akafurahi tena, maana yangevunja plau, na zaidi ya hapo yalimfaa kupambia. Akayaleta nayo. Halafu akafunga ng'ombe akalima shamba lote moja kwa moja, mistari imenyooka, hakuna pa kuzunguka. Akalirudia mara ya pili kuvunja mabonge. Mimi nilimletea uji shambani nikamsifu.

Sasa turudi kwenye ile siku ya lori.

Mama alikaa mavumbini na hakuna aliyeweza kumnyanyua. Bibi Wegesa alitoka ndani akiuliza kuna nini, na mama akamwambia, kwa Kikurya, maneno ambayo nakupa kwa Kiswahili kwa sababu wewe Kikurya chako ni cha kuombea maji tu. Alisema, "Mama, pale ulipong'olewa, chini yake yuko Robi."

Hatukuwahi kulisikia jina hilo nyumbani kwetu. Kumbe kabla yangu na kabla ya Marwa, mama alizaa mtoto wa kike hapa, wakati mji huu ni kibanda kimoja na pori, na baba yuko kwa mke mkubwa. Mtoto aliishi miezi michache. Alishaanza kucheka akichezewa. Akashikwa na homa akafa, na mama na mwanamke mmoja wa jirani ambaye alihama zamani wakamzika. Siku zile, mwanangu, mwanamke aliyefiwa na kichanga aliambiwa asilie sana, eti atalifunga tumbo lake na wengine hawatakuja. Hakuna matanga, hakuna msalaba, hakuna kutaja. Watu wanakuambia utapata mwingine, wanaondoka. Mama akaogopa kwamba pori litapameza mahali pale. Akapanga mawe, na akaleta mshubiri kutoka kule mlimani akaupanda juu yake. Alijua anachofanya. Mbuzi hali mshubiri, jua haliui, moto wa nyasi ukipita majani yanaungua nje tu na moyo unabaki, na watu hawang'oi kitu ambacho ni dawa ya kuku wao. Kila kitu kinachoweza kufuta alama alikuwa amekifikiria. Hakumfikiria mtoto wake mwenyewe atakayempenda kiasi kile.

Marwa alisimama akiwa na jembe. Sijawahi kumwona mtu akitaka ardhi ipasuke kama alivyotaka yeye. Mama hakumgombeza. Alimuuliza tu kama anakumbuka alipouchimbua, na Marwa akatoka mbio mpaka shambani, akazunguka, akarudi, akaenda tena. Shamba lilikuwa limelimwa mara mbili. Lilikuwa jeusi lote, sawa kila mahali, kama alivyotaka liwe. Miti ya zamani ambayo mama angeweza kupimia ilishakatwa zamani kwa kuni. Aliweza kusema ni upande huu wa kati, kutoka hapa mpaka pale, na hapo ni pakubwa pa kutosha kulisha nyumba nzima.

Kilichomuuma mama ni hiki. Alikuwa ameshaamua kwamba siku yake ikifika azikwe karibu na Robi. Alisema yule mtoto amelala peke yake muda wote huo, ndugu zake wako pamoja nyumbani, angalau mama yake aje. Hospitali ilimfanya afikirie kufa, akarudi akiwa na nia ya kutuambia. Angetuambia wiki hiyo hiyo. Alikuwa amechelewa kwa siku chache tu, na jambo hilo mpaka leo linaniumiza kuliko mengine.

Lakini mama hakukata tamaa mara moja. Asubuhi akatuita. Alisema ule mshubiri ulikuwa umeshaangusha mbegu kabla ya kuhamishwa. Mishubiri ya mlimani haiko mbali kwa ndege, chozi walikuwa wanapita huku na huku, kwa hiyo kila mwaka ulikuwa unazaa, na mbegu nyingi zinaangukia palepale. Siku zote alikuwa anaziondoa zinapoota, ili shamba lisijae. Sasa sehemu ile yote tusiipande chochote. Mvua inyeshe. Mahali ambapo watoto wa mshubiri watatokea wengi, wamesongamana, hapo ndipo.

Hakutuambia zaidi ya hapo, na sisi hatukuuliza zaidi ya hapo. Nakuomba ulishike hilo.

Vuli ikanyesha, majani yakaota. Mama alikuwa bado hawezi kutembea mbali, akawa anakaa mlangoni karibu na mshubiri wake akiangalia upande wa zizi. Masika yakaja, nyasi zikapanda mpaka kiunoni. Majirani waliuliza kwa nini tumeacha udongo mzuri namna ile uwe malisho ya panya, na Bibi Wegesa akawajibu kwamba tumeshiba. Mguu wa mama ukaanza kupona. Akasema wiki inayokuja, siku ya soko, wakati watu wako Mugumu na hakuna wa kutuuliza maswali, tutamshika mikono twende tukaangalie.

Asubuhi ya siku hiyo Marwa aliamka kabla ya wote. Aliona nyasi zilivyo, akaona mama hataweza kupita na fimbo yake, na hata akipita hataona kitu chini. Akaamua asafishe kwanza. Hakuchukua panga, alisema panga linaweza kukata kitu. Alipiga magoti akang'oa kwa mikono, kitu kimoja kimoja, na macho yake yanatafuta mshubiri. Alijua mshubiri ulivyo. Mduara wa majani manene, kijani kilichoiva, hauna doa. Kila kisichokuwa hivyo alikitoa. Jua likapanda, mgongo ukamuuma, akaendelea. Alifika mwisho hajaona hata mmoja. Alirudi nyumbani uso umemshuka, akasema mbegu hazikuota.

Mama akasema haiwezekani. Akataka kupelekwa hivyo hivyo. Tulipofika pembeni ya shamba, palipokuwa na lundo la majani aliyoyang'oa, Bibi Wegesa aliyekuwa nyuma yetu akasimama. Alikuwa mtu wa kuchokoa kila kitu kwa fimbo, hata mazungumzo ya watu. Akachokoa lile lundo, akainama, akatoa kitu kidogo chenye ukubwa wa kidole. Kilikuwa na majani machache yaliyokaa pande mbili tu, kulia na kushoto, yamepandana kama kurasa, na yamejaa madoa meupe kama manyoya ya kanga. Akakivunja, akagusisha kwenye ulimi, akatema.

"Huu ni mshubiri," akasema.

Ndivyo ulivyo, Mwita. Mshubiri mchanga haufanani na mama yake. Unaanza na majani ya pande mbili na madoadoa, na ni baadaye sana ndipo unaanza kuzunguka na kupoteza madoa na kuwa mduara. Mtu ambaye hajauona tangu ukiwa mchanga hawezi kuujua. Mama alikuwa anauondoa kila mwaka na jembe lake dogo, peke yake, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusogezwa karibu kuona. Marwa alikuwa amewang'oa wote. Lundo lilikuwa limejaa. Bibi Wegesa akatoa kingine, na kingine, akaviweka kwenye kanga yake, na kila alipokitoa kimoja Marwa alitoa sauti kama mtu anayepigwa.

Mama akamuuliza ni upande gani alikowatoa wengi. Marwa akasema, "Sijui mama. Nilikuwa natafuta mshubiri. Majani mengine sikuyaangalia."

Ndipo mama akashindwa kuvumilia. Alimwambia mwanawe kwamba amemzika dada yake mara ya pili, na safari hii kwa mikono yake. Yalikuwa maneno makali, nadhani alikuwa anayajutia hata kabla hayajaisha kutoka. Marwa akakaa chini. Mimi nikaanza kulia. Na hapo ndipo Bibi Wegesa alipoongea. Tulidhani atamkemea Marwa pia, maana alikuwa mkali na wakati wa kukemea ulikuwa umefika. Akamgeukia mama.

"Mwache kijana," akasema. "Yeye ameng'oa asichokijua. Wewe ndiye uliyekijua. Ulimficha mtoto wako hata kwa ndugu zake, sasa unawalaumu kwa kumkanyaga?"

Mama akajibu kwamba ni wao, wazee, waliomwambia asimtaje.

Bibi Wegesa akaiweka fimbo yake chini. Kisha akasema, "Ndiyo. Tulikosea. Na mimi ninaye wangu kule Tarime, hata mahali pake sipakumbuki."

Nilikuwa sijawahi kusikia mzee akisema tulikosea, na sijasikia wengi tangu siku ile. Walikaa wote wawili kwenye udongo, mama na mama mkwe wake, wakalia kilio ambacho walikatazwa ujanani. Marwa na mimi tuliangalia pembeni, kwa aibu ya kuwaona wazee wetu vile.

Baadaye mama akajifuta. Mshubiri haufi haraka, hata mdogo ukiung'oa ukaulaza juani siku kadhaa bado una uhai ndani yake. Akasema tuwachambue wote kwenye lundo. Marwa akamuuliza tuwapande wapi. Mama akaangalia ile sehemu yote, kutoka mwisho huu mpaka ule.

"Kila mahali," akasema. "Kama hatujui alipo, basi pote ni pake."

Tukapanda mpaka jua lilipozama. Hicho ndicho kichaka chako, mwanangu.

Babu yako hakulima pale tena. Kuna mwaka mtama uliungua wote, tukawa tunakula mihogo michungu na kuombana unga, na watu wakamwambia Marwa ana udongo mweusi amelaza bure, ana kichwa gani. Alikubali kuitwa mjinga. Baadaye alipata kazi ya bustani kwenye nyumba ya wageni kule Ikoma, karibu na geti la hifadhi, na wenzake walimpa jina la utani, Hiki ni cha Nani. Maana hakuchimbua hata mche wa ua bila kuuliza kwanza nani aliupanda, na kwa nini, na kama kuna mtu ataumia ukiondoka. Walimcheka mpaka anastaafu. Hakuna aliyejua jina hilo limetoka wapi. Alikuwa anacheka nao, kisha akija likizo anakwenda nyuma ya zizi anasimama, mikono nyuma, kama mama alivyokuwa anasimama.

Huko Ikoma, kwa kuwa hakuacha kuuliza, aliambiwa na bwana shamba mmoja jambo ambalo alikuja kutusimulia. Kwamba mshubiri mmoja peke yake hauwezi kujizalisha, unataka vumbi la ua la mshubiri mwingine, lililoletwa na ndege au nyuki. Tukaelewa kitu ambacho kilitushangaza. Ule wa mlangoni ulikuwa umetoa maua miaka mingi bila mbegu hata moja, kwa sababu mishubiri ya mlimani ilikuwa imechimbwa yote na watu wa dawa. Ulipoanza tena kuzaa ni pale wale watoto wake wa nyuma ya zizi walipokua na kutoa maua. Mama alikuwa hai bado. Aliokota ganda lililopasuka akaliweka mkononi, akaliangalia, akamwita Marwa aje aone. Nadhani hapo ndipo walipomaliza lililokuwa kati yao.

Mama alipofariki alikuwa ametuachia neno moja, azikwe kwa Robi. Marwa alitakiwa kuonyesha wachimbaji mahali. Alitembea kati ya mishubiri asubuhi nzima na watu wanasubiri na majembe, akaja akaniambia, dada, mimi siwezi, chagua wewe. Nikachagua. Nilisimama kati ya miwili iliyokuwa mikubwa nikasema hapa. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, kwa sababu watu walikuwa wanaangalia. Sijui, Mwita. Labda tulimweka ubavuni kwa mtoto wake, labda tulimweka mbali naye kuliko alivyokuwa nyumbani. Kila nikipita pale nawaza hivyo, na hakuna wa kuniambia.

Bibi Wegesa alitangulia zamani. Babu yako tumemzika mwaka jana, wewe ulikuwepo. Ule mshubiri wa mlangoni ulikauka ukaisha, yakabaki mawe yake. Umeyaona. Tangu juzi ndipo unapoegemeza pikipiki yako ili isianguke. Ni mawe aliyoyapanga mama yangu juu ya mtoto wake.

Mbona umesimama? Kaa, sijakuambia uiondoe sasa hivi. Hukujua. Nani alikuambia? Mimi nilikuwepo kwenye lile lundo, nikasikia Bibi Wegesa akisema, na nikajiambia kwamba nyumbani kwangu hakitafichwa kitu. Halafu nikaolewa, nikazaa, nikafiwa na mume, nikarudi hapa, nikazeeka, na hakuna mtoto wa ukoo huu niliyemkalisha nikamwambia neno hili. Kila mwaka nilisema wakue kidogo. Kila mwaka nilisema siku watakapokuwa na nafasi. Ungekuja na trekta bila kupitia kwangu, ungetulimia mama na Robi kwa pamoja, na kosa lingekuwa langu, kama lilivyokuwa la mama. Nimeishi na lile kosa likinikaa moyoni nikidhani kulikumbuka kunatosha.

Kwa hiyo shika maneno haya, na wengine watakaoyasikia wayashike. Mtu akikuambia kitu hakina kazi, muulize kilikuwa na kazi gani, na kwa nani. Ukikuta kitu kimetunzwa na hujui sababu, usikiguse, hata kwa mapenzi. Sana sana kwa mapenzi, kwa sababu mwenye mapenzi haoni haja ya kuuliza. Na ukikosa kujua mwanzo wa kitu, nenda kwa aliyekiona kikiwa kichanga akuonyeshe, usiamini kwamba kitafanana na unachokijua. Hayo ni ya kwenu vijana. Letu sisi wazee ni moja, nalo limetushinda mno. Tuseme. Tuseme tukiwa wazima, tuwashike mikono tuwapeleke mpaka mahali penyewe, hata kama tutalia mbele yenu. Kulia mbele ya mtoto hakujamwua mzee yeyote.

Jumamosi trekta likifika, liache barabarani kwanza. Kuna nafasi upande wa kule kwenye mawe ya mlimani, udongo wake ni mkavu na nyumba itasimama vizuri zaidi kuliko kwenye ule mweusi unaopasuka kiangazi. Kesho asubuhi njoo unishike mkono tuzunguke. Nitakuonyesha alipo mama. Nitakuonyesha mishubiri midogo ya madoadoa, ujue kuitofautisha. Alipo Robi sitakuonyesha, utaniwia radhi.

Sasa nenda kwa mkeo, mtoto wenu analia, namsikia. Mungu akujalie nyumba ambayo watu wake wanaulizana na kujibizana. Akupe watoto wanaokua mbele ya macho yako, uwaone tangu madoa yao mpaka mduara wao. Akuondolee majuto ya namna yangu. Na usiku huu, kabla hamjalala, mwambie mkeo kwamba hapa aliishi mtoto anaitwa Robi, na alikuwa ameshaanza kucheka.